Darasa Linaloanzia Ofisi ya Kata

Fomu ya kumpokea mteja katika ofisi ya ustawi wa jamii huwa na nafasi ya jina la baba, jina la mama, na jina la mlezi iwapo wazazi hawapo. Mwanafunzi aliye fildi kwa mara ya kwanza hugundua mapema kuwa nafasi hizo hazimtoshi. Mbele yake ameketi bibi aliyekuja na mjukuu. Baba wa mtoto amefariki. Mama yuko mjini kwenye kazi za ndani, hutuma pesa akipata. Sare na madaftari hununuliwa na mjomba, mwisho wa wiki mtoto hushinda kwa mama mkubwa, na baba mdogo anadai shamba la marehemu lirudi mikononi mwa ukoo. Mlezi ni nani hapo? Na huyo baba mdogo aandikwe wapi: ndugu wa kuitwa kwenye kikao, au mtu ambaye mtoto anapaswa kulindwa dhidi yake?

Mwanafunzi huyu amesoma, tena kwa bidii. Amefaulu nadharia ya mifumo, anazijua hatua za kushughulikia shauri tangu kumpokea mteja hadi kufunga jalada. Lakini mifano aliyosomea ilikuwa na familia ya baba, mama na watoto wawili, ofisi ya serikali inayotoa ruzuku kila mwezi, mahakama ya watoto yenye jengo lake, na familia za malezi zilizosajiliwa na kukaguliwa. Kata aliyopangiwa ina ofisi ya mtendaji, benchi la mbao kibarazani, na afisa ustawi wa jamii ambaye siku nyingi yuko kata nyingine kwa sababu kata zote hizo ni zake peke yake.

Kati ya kile anachofundishwa na kile anachokikuta kuna pengo, na kwa zaidi ya nusu karne vyuo vikuu vya mabara tofauti vimekuwa vikishirikiana kuliziba. Baadhi ya ushirikiano huo umezaa kozi na shahada. Mwingine umezaa ripoti na picha za pamoja mbele ya bango. Nimeufuatilia kwa muda, na ninachokiamini ni hiki: uliofaa zaidi ni ule uliowakalisha wahadhiri wa Afrika pamoja, ukawapa muda na fedha za kuchunguza kazi inavyofanyika kwao, kisha ukawaachia kalamu. Chuo cha ng'ambo kilikuwa na manufaa makubwa pale kilipokubali kuwa mmoja wa waliokaa mezani.

Taaluma yenyewe ilifika barani ikiwa na vitabu vyake mkononi. Moja ya shule za mwanzo ilifunguliwa Cairo mwaka 1936. Johannesburg ikafuata mwaka 1941 na shule iliyopewa jina la Jan Hofmeyr, ambayo iliwafundisha vijana Waafrika katika nchi iliyowanyima karibu kila kitu kingine. Joshua Nkomo alisoma hapo, na Winnie Madikizela alihitimu mwaka 1955 akaenda kufanya kazi hospitali ya Baragwanath. Nchi zilipopata uhuru, kila serikali ikataka maafisa wake. Tanzania ilitunga Sheria Na. 26 ya 1973 iliyoanzisha taasisi ya taifa ya kufundisha ustawi wa jamii, ile ambayo leo tunaijua kwa jina la Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam. Wahadhiri wa kwanza katika nchi nyingi walikuwa wamesomea Uingereza au Marekani, au walifundishwa na waliosomea huko. Walifundisha walichofundishwa. Mwaka 1981 James Midgley, msomi mzaliwa wa Afrika Kusini, aliandika kitabu kizima kulipinga jambo hilo na akaliita ubeberu wa kitaaluma. Lilikuwa neno kali, na lilistahili kusemwa.

Lakini miaka kumi nzima kabla ya kitabu cha Midgley, Waafrika wenyewe walikuwa wameshaliona tatizo na wameshaanza kulishughulikia. Mwaka 1971 vyuo vya bara viliunda ASWEA, chama cha elimu ya ustawi wa jamii barani Afrika, makao yake Addis Ababa. Walikutana kwenye semina, wakakubaliana kwamba afisa wa Afrika anahitaji kujua kilimo, ushirika, uzazi wa mpango na maendeleo ya kijiji kuliko anavyohitaji mbinu za kliniki ya mjini, na wakakusanya visa vilivyoandikwa na walimu wa nchi mbalimbali ili vitumike darasani badala ya vile vya London na New York. Chama kilikoma mwaka 1989, na maandishi yake yakatawanyika. Linda Kreitzer, msomi wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada, aliyefanya utafiti wake Ghana, ndiye aliyefanya kazi ya kuyatafuta na kuyakusanya tena. Inaniuma kwamba vizazi viwili vya wanafunzi wetu walimaliza masomo bila kujua kuwa maandishi hayo yaliwahi kuwepo. Walimu wao walikuwa wakiambiwa kwenye makongamano kwamba Afrika haina fasihi yake ya ustawi wa jamii, nao wakaitikia.

Addis Ababa ina habari nyingine. Shule yake ya ustawi wa jamii ilianza mwaka 1959, ikafungwa baada ya mapinduzi ya 1974 wakati utawala wa kijeshi ulipoona taaluma hiyo haina kazi katika nchi ya kijamaa. Kwa karibu miaka thelathini Ethiopia ilipitia njaa, vita na UKIMWI bila chuo kinachotoa shahada katika fani hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Addis Ababa kilifungua upya masomo hayo, safari hii kwa kuanzia na shahada ya uzamili, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Illinois cha Chicago. Abye Tasse, mkuu wa kwanza wa shule hiyo iliyofunguliwa upya, wakati huohuo alikuwa rais wa chama cha kimataifa cha vyuo vya ustawi wa jamii. Walimu kutoka Marekani walikuja kwa zamu, wakafundisha somo na kurudi kwao. Uamuzi ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2006, Waethiopia walipoanzisha shahada ya uzamivu hapohapo nyumbani. Wangeweza kuwapeleka vijana wao Chicago, na sehemu yao wasingerudi. Badala yake waliwasomesha wakiwa kazini, katikati ya mitaa wanayoifanyia utafiti, ili wao ndio wachukue nafasi za wageni.

Chuo hichohicho cha Chicago, kupitia kitivo chake chenye jina la Jane Addams, kilikuja pia Dar es Salaam mwaka 2006. Addams ndiye yule mwanamke aliyefungua Hull House mwaka 1889 katika mtaa wa wahamiaji maskini, akahamia kuishi humo pamoja nao, na mwaka 1931 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Ushirikiano na Taasisi ya Ustawi wa Jamii uliandaliwa na American International Health Alliance kwa fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Tanzania ya wakati huo ilikuwa na yatima wengi mno, na wilaya nyingi hazikuwa na afisa ustawi hata mmoja. Kusubiri vyuo vitoe wahitimu wa kutosha kungechukua miaka ambayo watoto hawakuwa nayo.

Kwa hiyo wakaanzisha ngazi mpya: wasaidizi wa ustawi wa jamii, watu wa kijijini na mtaani waliokuwa tayari wakijitolea. Walipata darasa la siku chache, wakarudi kwao kufanya kazi chini ya uangalizi kwa miezi kadhaa, kisha wakaitwa tena darasani wakiwa na mashauri halisi waliyoyashughulikia. Maelfu walipitia mafunzo hayo. Wapo walioyaona kuwa ni njia ya mkato inayoishusha hadhi taaluma, na hofu hiyo naielewa, maana mtu wa siku kumi darasani hawezi kuachiwa peke yake shauri la mtoto aliyelawitiwa. Lakini mpangilio wenyewe wa kusoma, kwenda kutenda, na kurudi na ulichokutana nacho ulikuwa bora kuliko wa kozi nyingi za miaka mitatu. Na kuna faida iliyojitokeza baadaye. Wahadhiri waliotoka Dar es Salaam kwenda kuwafundisha wasaidizi mikoani walirudi na visa. Walikuwa wamesikia, kwa Kiswahili na mara nyingi kwa mkalimani wa lugha ya pale kijijini, jinsi mjumbe wa nyumba kumi anavyosuluhisha, jinsi mganga anavyoingia kwenye shauri la ulemavu, jinsi mtoto anavyohamishwa usiku kwenda kwa shangazi kabla afisa hajafika. Hayo hayakuwa kwenye mtaala wao.

Mfano ninaotaka kuukalia zaidi ni wa vyuo vinne vya Afrika Mashariki na kimoja cha Austria. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Makerere, Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda na Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam viliingia katika mradi uliojulikana kwa kifupi kama PROSOWO. Mshirika wa Ulaya alikuwa chuo cha sayansi tumizi cha jimbo la Carinthia, ambacho idara yake ya ustawi wa jamii iko Feldkirchen, mji mdogo wa kusini mwa Austria. Fedha zilitoka kwa serikali ya Austria kupitia mpango wake wa elimu ya juu uitwao APPEAR, na mratibu alikuwa Helmut Spitzer.

Hatua ya kwanza ya mradi ilikuwa kuuliza, na kabla ya hapo hawakuandika mtaala wowote. Katika kila nchi wahadhiri walikwenda kwa maafisa walio kazini, waajiri, wanafunzi, walimu wenzao na wateja wenyewe, wakataka kujua kazi hii inafanyikaje na mafunzo yanasaidia nini. Majibu yalifanana kuliko walivyotarajia watu wanaozichukulia nchi hizi kuwa tofauti sana. Vitabu vya darasani vilitoka nje. Maafisa walitumia siku zao wakizima moto wa shauri moja baada ya jingine, na chanzo cha mashauri hayo, ambacho mara nyingi ni umaskini tu, hakikuwa na mtu wa kukishughulikia. Usimamizi wa wanafunzi fildi ulikuwa dhaifu. Na yeyote aliyetaka aliweza kujiita mtaalamu wa ustawi wa jamii, kwa kuwa taaluma haikuwa na sheria ya kuilinda.

Matokeo yalitoka mwaka 2014 katika kitabu kilichohaririwa na Spitzer pamoja na Janestic Twikirize wa Makerere na Gidraph Wairire wa Nairobi. Kilichapishwa na Fountain Publishers, Kampala. Hilo la mchapishaji laweza kuonekana dogo, lakini mhadhiri yeyote wa Afrika Mashariki anajua uzito wake. Kitabu kinachochapishwa London au New York huuzwa kwa bei inayomeza posho ya mwanafunzi ya mwezi, na nakala moja ya maktaba hugeuka kivuli cha fotokopi hadi herufi zinafifia. Mwaka huohuo, mjini Melbourne, vyama vya kimataifa vya fani hii vilipitisha maana mpya ya taaluma inayotambua maarifa ya wenyeji kuwa msingi mmojawapo wa kazi. Dunia ilikuwa imeanza kuyasema yale ambayo semina za ASWEA ziliyasema katika miaka ya 1970.

Kilichonivutia zaidi katika mradi huu ni mazungumzo kati ya vyuo vya hapa. Kabla yake, mhadhiri wa Kampala alijua zaidi kinachofundishwa Uingereza kuliko kinachofundishwa Nairobi, safari ya usiku mmoja kwa basi. Rwanda, ambayo mafunzo yake ya chuo kikuu yalianza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika nchi iliyojaa kaya zinazoongozwa na watoto baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilikuwa na ujuzi ambao jirani zake hawakuwahi kuulizia: namna ya kufanya kazi na jamii ambamo jirani amemuua jirani. Kenya, baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008, ilihitaji ujuzi huo. Hakuna chuo cha Ulaya ambacho kingeweza kuifundisha Kenya somo hilo. Ilichoweza Austria ni kulipia chumba walichokaa.

Awamu ya pili ilianza 2016 ikaenda hadi 2019, na Burundi ikaingia kupitia Hope Africa University ya Bujumbura. Swali lilikuwa limesogea mbele: watu wetu wanatatuaje matatizo yao kabla afisa hajafika, na taaluma ijifunze nini hapo? Kitabu cha 2019, kilichohaririwa na Twikirize na Spitzer, kimejaa majibu. Kuna vikundi vya engozi vya magharibi mwa Uganda, ambako kaya za milimani hujiunga ili mgonjwa abebwe kwa machela ya kusuka hadi barabarani au zahanati, na kufiwa kukitokea wote washike jembe. Vikundi hivyo vimeendelea hadi kuweka na kukopeshana fedha. Vina kanuni, viongozi, michango na adhabu kwa anayekwepa zamu. Mwanafunzi anayefundishwa namna ya kuunda kikundi cha kusaidiana, akaanza kuunda kipya katika kijiji chenye engozi ya tangu enzi za babu zao, atakuwa amepoteza muda wake na heshima ya wanakijiji kwa pamoja.

Hapa pana jambo linalohitaji uangalifu, na nawasifu waandishi wale kwa kutolikwepa. Si kila cha jadi kinamlinda mnyonge. Kikao cha ukoo kinaweza kumpa makao mtoto yatima kwa siku moja, kazi ambayo mahakama ingeichukua miezi. Kikao hichohicho kinaweza kuamua kuwa mtu aliyembaka binti wa miaka 13 alipe mbuzi, yakaisha. Kumalizana nyumbani, ndivyo wanavyosema. Sheria ya Mtoto ya 2009 nchini Tanzania haimpi afisa ruhusa ya kukaa kimya hapo. Basi mwanafunzi anahitaji vyote viwili: ujuzi wa kuingia katika kikao cha wazee kwa adabu inayotakiwa, akaketi panapomstahili na kusubiri zamu yake ya kusema, na uthabiti wa kusimama na kusema kuwa shauri hili linakwenda polisi. Uthabiti huo haupatikani kwenye mhadhara. Unapatikana kwa kumwona afisa mzoefu akiufanya, ukiwa umeketi pembeni yake.

Ndiyo maana nasema udhaifu mkubwa ambao ushirikiano wote huu haujaumaliza ni fildi. Mwanafunzi hupelekwa kwenye ofisi kwa wiki kadhaa. Akibahatika hukuta afisa mwenye moyo wa kufundisha. Asipobahatika hupewa kazi ya kupanga majalada na kupokea wageni, na mwisho wa muda huwekewa saini na mtu ambaye hajawahi kumwona akizungumza na mteja hata mmoja. Msimamizi kutoka chuoni hupita mara moja, mara nyingine ana wanafunzi arobaini katika mikoa mitatu na nauli ya mkoa mmoja. Afisa anayempokea mwanafunzi halipwi chochote kwa kazi hiyo wala hapunguziwi mashauri, na aghalabu hajafundishwa namna ya kumsimamia mtu.

Miradi hupenda vitu vinavyoonekana: mtaala ulioidhinishwa, kompyuta, ziara, kongamano. Usimamizi wa fildi ni kazi ya kila wiki, haina sherehe ya uzinduzi, na gharama yake haiishi mradi unapofungwa. Udhaifu wa kutegemea mfuko mmoja uliwafikia wengi Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Huduma nyingi za watoto na za UKIMWI katika nchi zetu, zilizokuwa zikiajiri haohao wahitimu na wasaidizi tunaowazungumzia, ziliyumba ndani ya wiki chache. Mtaala uliokwisha kuandikwa haukufutika. Mhadhiri aliyesomea uzamivu Addis Ababa hakurudishwa kwao, maana yuko kwao. Lakini mshahara wa msimamizi uliotegemea ruzuku ulikoma.

Kwa hiyo mkataba wowote mpya kati ya vyuo vyetu na vya nje ningeupima kwanza kwa kifungu chake cha fildi. Je, maafisa wa wilaya watakaopokea wanafunzi watapata mafunzo ya usimamizi, na cheti kinachotambuliwa na mwajiri wao wakati wa kupandishwa daraja? Je, halmashauri imeketi kwenye meza ya mradi tangu mwanzo, ikakubali kuendelea kulibeba jukumu hilo kwa bajeti yake baada ya miaka mitatu? Wanafunzi wa Ulaya wanaokuja kujifunza kwetu, je, watakuwa chini ya afisa wetu na kanuni zetu, wakiwa wawili wawili na mwanafunzi mwenyeji, au watapewa kituo cha watoto yatima na kuachiwa wapige picha? Na mwanafunzi wa Huye nchini Rwanda au wa Bujumbura atapata nafasi ileile ya kwenda Feldkirchen, viza yake ikiombwa na chuo mwenyeji mapema, ili naye akaone jinsi nchi tajiri inavyowatunza wazee walioachwa peke yao kwenye vyumba vyao, jambo ambalo miji yetu inaanza kulikuta?

Kozi ya wasimamizi wa fildi inaweza kuanza bila kusubiri mfadhili mkubwa. Vyuo vitano vya Afrika Mashariki vimeshafanya kazi pamoja, wahadhiri wao wanafahamiana, na visa vya kufundishia vimeshaandikwa. Ingetosha kuwakusanya maafisa wa wilaya kumi kwa wiki moja wakati wa likizo ya vyuo, katika mabweni ambayo huwa matupu, wakafundishwa kusikiliza mazungumzo ya mwanafunzi na mteja, kuandika maoni yanayomsaidia, na kujua ni shauri gani asiachiwe. Kila afisa aje na jalada moja, majina yakiwa yamefutwa, na darasa lianzie hapo.